Glavu iliyoonekana nzima

Mpira huaminiwa kuwa ngao. Huzuia maji, nayo mikono iliyovishwa glavu za mpira hufanya kazi bila wasiwasi. Lakini mbele ya baadhi ya vimiminika, ngao hiyo hugeuka kuwa mlango.

Tarehe 14 Agosti mwaka 1996, Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, alikuwa maabarani akitumia sumu iitwayo dimethili-zebaki. Matone machache yaliangukia glavu yake nyembamba ya mpira. Glavu haikutoboka wala kuchanika. Miezi mitano baadaye alikuwa akiyumba akitembea, na ulimi wake ukawa mzito. Alifariki dunia tarehe 8 Juni mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 48. Majaribio yaliyofuata yalidhihirisha kuwa kimiminika hicho hupenya glavu ya namna ile kwa sekunde 15 au pungufu.

Je, kilipitaje? Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana, nayo haitulii. Kimiminika chenye tabia inayokaribiana na ya mpira kwanza huyeyuka katika uso wake, kisha husogea baina ya minyororo, kutoka kilipo kingi kuelekea kilipo kichache. Mwanakemia Thomas Graham aliieleza njia hiyo kwa upande wa gesi mwaka 1866. Petroli huongeza jambo jingine: mpira wa asili ukiinywa huvimba, minyororo huachana, na petroli inayofuata hupata njia pana zaidi.

Ndiyo maana viwanda huchanganya aina za mpira. Mpira wa asili hunyumbuka vyema. Ule wa nitraili hustahimili petroli na mafuta. Salfa nayo huifunga minyororo pamoja na kupunguza uvimbe. Hata hivyo, nitraili huishindwa asetoni. Hakuna mpira unaozuia kila kitu.

Baada ya msiba wa Dartmouth, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilishauri wanaoshika sumu hiyo wavae glavu za plastiki zenye tabaka kadhaa, na juu yake glavu nzito.

Kwa fundi wa rangi au wa magari, basi, haitoshi kuuliza kama glavu imetoboka. Aulize pia: inazuia kimiminika gani, na kwa muda gani?