Wapangishaji wa Nyumba za Wageni Pwani ya Kenya na Amri za Mwaka 2020



Sikusudii katika mada hii kuuliza kama serikali ilikuwa na haki ya kufunga njia wakati wa maradhi ya korona, kwani mtawala aliyepewa amana ya roho za watu halaumiwi kwa kuzilinda. Ninalouliza ni nani aliyebebeshwa gharama ya ulinzi huo, na kwa insafu gani.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi ule haukwisha ila ndege za abiria kutoka ng'ambo zilikwisha kusitishwa, na raia wameamriwa kukaa majumbani tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Na tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Pasaka ilikuwa tarehe 12. Mwenye nyumba ya Nyali au Diani, ambaye riziki yake aghalabu hutoka kwa jamaa wa Nairobi washukao pwani sikukuu kama hiyo, alibaki na vitanda vilivyotandikwa na simu za watu wanaodai arbuni zao.

Hilo la arbuni ndilo lililozua mashaka makubwa. Kampuni ya Airbnb, ambayo wengi wa wapangishaji hawa hupata wageni kwa njia yake, iliamua tarehe 14 Machi kuwarudishia wageni fedha zote bila ya kuwashauri wenye nyumba, wala haikujali masharti waliyoyaweka wenyewe. Na ilipofika tarehe 30 mkuu wake, Brian Chesky, akawaomba radhi na kutenga dola milioni 250, ili kila mmoja alipwe robo ya kile ambacho masharti yake yangempa. Robo si haba kwa aliyekata tamaa, lakini haimtoshi mwenye deni la benki.

Tadbiri waliyoishika wengi ilikuwa kuacha wageni wa siku na kutafuta wapangaji wa mwezi, kwa ijara ndogo, ili angalau umeme na mshahara wa mlinzi ulipike. Aliyerithi nyumba aliweza kustahimili hivyo. Bali yule aliyekodi nyumba ya mwingine ili aipangishe kwa faida (na hawa walikuwa wengi kuliko tunavyopenda kukiri) alirudisha funguo na kuuza makochi.

Mwezi Mei serikali ilitangaza mikopo nafuu ya shilingi bilioni 2 kwa ukarabati wa mahoteli na majengo ya jinsi yake. Lakini nyumba hizi hazikubomoka. Zilikosa watu tu. Sheria ya Utalii ya 2011 inamtambua mwenye nyumba ya wageni anapotakiwa leseni, na ingekuwa adili imtambue pia anapofungiwa mlango.

Mombasa ilifunguliwa Julai, ndege za ng'ambo zikarejea tarehe 1 Agosti, na kafyu ikaendelea hata Oktoba 2021.

Ombi langu kwa wizara na serikali za kaunti ni hili: amri ya dharura ijayo itakapoandikwa, itaje, pamoja na mipaka na saa, nani atarudisha arbuni na kwa kiasi gani, na ada ya leseni isitozwe kwa miezi ambayo mgeni amekatazwa kufika.