Kunde: Shamba Moja, Mavuno Matatu

Msikilizaji, mkulima wa Ganze au Magarini, pwani ya Kenya, akiulizwa kama kunde zinalipa, aghalabu huhesabu magunia ya punje tu. Hesabu hiyo ni pungufu. Mkunde hutoa mboga ya majani, punje za kupika kwa tui la nazi, kisha lishe ya mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo mbegu ifaayo ni ile inayotoa majani na punje pia, kama K80 iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na mvua ikikatika kabla mahindi hayajabeba, kunde mara nyingi huwa zimeshakupatia kitoweo. Karibu robo ya uzito wa punje kavu ni protini, zaidi ya maradufu ya mahindi. Hata mashina na majani yanayobaki yanamshibisha mnyama vizuri kuliko mabua makavu ya mahindi.

Wapo watakaosema shamba ni dogo na ugali hautoki kwenye kunde. Ni kweli, lakini kunde hukubali kupandwa kati ya mistari ya mahindi. Wengine husema kuchuma majani kunapunguza punje. Kunapunguza ukiuacha mche mtupu. Chuma machache machache, na maua yakianza, acha. Hoja nzito zaidi ni ya udongo: kunde huvuta naitrojeni ya hewani kupitia vifundo vya mizizi, lakini sehemu kubwa huishia kwenye punje na majani, kwa hiyo anayeng'oa kila kitu hajarutubisha shamba. Dawa yake ni kukata shina, mizizi ibaki ardhini, na samadi ya zizini irudi shambani.

Kuvuna peke yake hakutoshi. Ukiyaanika mashina juani hadi yakauke kau, majani hupukutika, na humo ndimo protini ilimo. Yaanike kivulini, uyafunge mafungu. Punje nazo zikague: vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ganda ni mayai ya fukusi. Zikaushe sawasawa, uzihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Ukijumlisha mboga iliyopikwa, punje zilizowekwa na lishe iliyookoa mifugo wakati wa kiangazi, utaona kunde zinastahili kupangiwa nafasi yake mapema, kabla mvua haijaanza, badala ya kupandwa kwa mbegu zilizobaki mwishoni mwa msimu.