Mpira, kura na bili ya uwanja

Niliongea haya Machakos. Nayaweka hapa kwa wale hamkufika.

1/ Wadau, 2027 Kenya ina mambo mawili: AFCON, tukiiandaa na Uganda na Tanzania, na uchaguzi mkuu. Mtasikia mpira kwenye kila jukwaa.

2/ "Uwanja utaleta pesa." Sawa, za nani? Desemba 2017 fainali ya CECAFA ilichezwa hapa kwetu, Uwanja wa Kenyatta, tukaishinda Zanzibar kwa penalti. Siku kama hiyo boda anapata, mama wa mahindi anauza. Ni pesa ya kweli, lakini ya siku chache.

3/ Deni linakaa. Uwanja wa Talanta, Nairobi, unajengwa kwa bondi ya karibu shilingi bilioni 45, ya miaka 15. Inalipwa kupitia Hazina ya Michezo, ile ile inayogharamia timu zetu za taifa.

4/ Kuchelewa nako ni hasara. CHAN ya 2018 tulinyang'anywa kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Ikaenda Morocco.

5/ Mimi ni shabiki, sipingi mpira. Ila mgombea akija na jezi ya Harambee Stars, muulize: Baada ya fainali, uwanja utatumiwa na nani? Ukarabati utalipwa na nani? Na mama wa mahindi ataruhusiwa karibu na geti, au ataondolewa kama wachuuzi wa Afrika Kusini 2010?

Ukijibiwa kwa takwimu, ziweke hapa chini tuzijadili.