Mama Huachwa, Mtoto Haachwi



Miaka 10 hii, mfuko wa jamii wa kikundi chetu tumeufungua mara nyingi kwa jambo moja: mtoto kaugua, baba hayupo. Yuko kwenye mkonge Korogwe, au ana nyumba nyingine hapa hapa Handeni. Akiulizwa, hujibu: "Si nimeshatuma hela ya shule?"

Tuambizane ukweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka baba atunze wanawe hata wakilelewa na mtu mwingine, ikataja chakula, mavazi, malazi na elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikataja na matibabu. Basi kuchangia bima si hisani.

CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kwa mwezi. Baba akitoa nusu, atafilisika?

Tunaomba wazazi waandikiane mbele ya wazee. Wakishindwa kuelewana, twende ustawi wa jamii. Mfuko wetu ubaki wa dharura.

Mama huachwa, mtoto haachwi.