Mtoto wa Majuma 27 na Likizo ya Mama Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Mtashangaa sisi watu wa karakana ya reli kusimama kusema habari za watoto wachanga. Subirini kidogo, habari yenyewe ni ya likizo.

Mke wa mwenzetu mmoja, naye ni mfanya kazi kama sisi, alijifungua mimba ikiwa na majuma 27 badala ya 40. Mtoto hakufikia uzito wa pakiti ya sukari ya kilo moja. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa, akasaidiwa pumzi kwa mashine, na maziwa ya mama akayapata kwa mpira mwembamba puani. Alipopata nguvu kidogo tulimkuta baba amevua shati, mtoto amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Baadhi yetu tulicheka. Tulikosa adabu.

Matunzo hayo yalianzishwa na Dakitari Edgar Rey mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa haba. Mwaka 2021 uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba watoto wa kilo moja hadi 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu wazaliwapo, vifo hupungua kwa robo.

Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika nchi maskini kabisa, watoto zaidi ya 9 katika 10 waliozaliwa kabla ya majuma 28 hufa katika siku za kwanza. Katika nchi tajiri hawafiki hata 1 katika 10. Mtoto ni yule yule. Tofauti ni wauguzi na vifaa.

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu, na baba majuma mawili. Toa 27 katika 40, yabaki 13. Basi likizo ya mama yule ilikwisha siku zile zile mtoto alizotazamiwa kuzaliwa! Aliitwa kazini mtoto akiwa na siku tatu tu tangu kutoka hospitali. Mwajiri hakuvunja sheria, na hapo ndipo penye taabu.

Tawi letu lataka iandikwe katika mapatano yajayo: siku zote kabla ya tarehe aliyotazamiwa mtoto zisihesabiwe katika likizo ya mama. Baba naye aongezewe siku, maana kifua chake kina joto vile vile.

Wanaokubali waandikishe majina kwa karani wa tawi kabla ya mkutano ujao. Mtoto yuko salama, ana kilo nne, na kwa kelele zake baba ameomba zamu ya usiku.