Pumzi ya Mama Mwenye Uchungu

Jioni hii nataka kunena nanyi habari ambayo kwetu hunong'onwa na wanawake, wanaume wakiwa wamekwisha kutoka nje. Nawaomba wanaume leo wasitoke.

Nilipojifungua kifunguamimba wangu, mama mmoja wa jirani alinishika magoti akapaza sauti, "Sukuma! Sukuma!" tangu machweo ya jua. Nami nikasukuma, maana nalifunzwa kuwatii wakubwa. Usiku wa manane akaja mkunga aliyesomea kazi yake, akanipima, akasema, "Mwanangu, mlango haujafunguka hata nusu." Mtoto alizaliwa kesho yake adhuhuri, nami sikuwa na nguvu hata ya kumpokea mikononi.

Kosa lile ndilo nitakalo kuliondoa. Mfuko wa uzazi una mlango wake, nao hufunguka polepole, kila uchungu ujapo, hata upate upana wa sentimita 10. Kwa mimba ya kwanza kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, na kusukuma kabla ya wakati humchosha mama bure. Kazi yake wakati huo ni pumzi. Uchungu unapoanza kupanda, na avute pumzi kwa pua bila haraka, kisha aitoe kwa kinywa taratibu zaidi, kama mtu apozaye uji wa moto kijikoni. Alegeze taya, mabega na vidole. Uchungu ukipita apumzike, anywe maji, atembee akipenda. Sisemi kwamba pumzi huondoa maumivu. Asemaye hivyo nadhani hajazaa. Lakini Daktari Grantly Dick-Read wa Uingereza alifundisha, katika kitabu chake cha mwaka 1933, kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi. Katika hilo namsadiki.

Mlango ukiisha kufunguka wote, hamu ya kusukuma huja yenyewe, mfano wa mtu aliyebanwa na haja kubwa. Mniwie radhi, sikupata mfano wenye adabu zaidi. Ndipo asukume. Wakunga wengi walizoea kumwamuru mama afunge pumzi mpaka mtu ahesabu kumi. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lasema mama asaidiwe kuifuata hamu ya mwili wake mwenyewe, na achague namna ya kukaa: kuchuchumaa, kupiga magoti au kulala ubavu, wala asilazimishwe kulala chali.

Kichwa kikianza kutokeza, mkunga atamwambia aache kusukuma, atwete. Na atwete kweli, kinywa wazi, pumzi fupi fupi, ili kichwa kitoke polepole na msamba usichanike.

Sasa ninyi wanaume niliowaomba msitoke. Pumzi haimtoi mtoto aliyekwama. Mama asukumaye kwa muda mrefu na mtoto hashuki, au atokwaye na damu nyingi, au apatwaye na kifafa, apelekwe hospitali saa ile ile, msimwongezee kelele. Mama aliyeachwa na mtoto aliyekwama aweza kufa, au akapona huku mkojo ukimtoka bila kujizuia, mpaka apasuliwe na daktari. Lililo bora ni azalie kwa mkunga aliyefunzwa tangu mwanzo. Fedha ya nauli itengwe mapema, mwezi wa saba au wa nane wa mimba, tena ikae mahali ambapo mke naye anapajua.