Tumesikiana, Sasa Tusikilizane
Hotuba iliyotolewa katika jioni ya muziki na mashairi, uwanja wa hekalu, Morogoro



Miaka mingi tumesikiana. Jioni, bhajani na mlio wa tabla huvuka ukuta huu kwenda kwa majirani, nazo ngoma za Waluguru huvuka kuja kwetu. Lakini kusikiana si kusikilizana.

Mji huu ulio chini ya Uluguru una mfano wake. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Vijana wale walizisikiliza santuri za Kuba, kisha wakatunga nyimbo zao wenyewe kwa Kiswahili. Mwaka 1970 gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilisikika Osaka, Japani. Salum alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, wote kwa ajali za barabarani. Nyimbo zao zingali hai.

Ikiwa wao waliisikiliza Kuba iliyo ng'ambo ya bahari, je, sisi tutashindwa kuisikiliza nyumba ya pili?

Leo mpiga tabla, mpiga gitaa, mpiga ngoma na mshairi wamepanda jukwaa moja, kila mmoja kwa zamu yake. Ombi langu ni moja: tusiishie kwenye zamu. Kabla ya maadhimisho yajayo, watunge pamoja wimbo mmoja mpya, nasi tuurekodi na kuuhifadhi, ili watoto wetu wasirithi ukuta peke yake.